Breki ya mbele isiyoguswa: kisa cha mpwa wangu na leseni ya daraja A

Gurudumu la nyuma nililifungua kwanza, maana ndilo lililokuwa likipiga kelele. Breki shuu zilikuwa zimelika mpaka chuma. Vumbi jeusi lilinimwagikia mkononi, na ndani ya habu kulikuwa na mikwaruzo unayoihisi kwa ukucha. Hilo halikunishtua, pikipiki ya Boxer ikiwa ya biashara inatembea. Kilichonishtua ni gurudumu la mbele, ambalo nililifungua kwa mazoea tu kwa kuwa spana ilikuwa bado mkononi. Breki shuu za mbele zilikuwa nzima, pembeni bado zina ile rangi ya dukani. Nikabana mkono wa breki kwenye usukani, ukaja wote mpaka ukagusa eksileta, gurudumu halikushikwa hata kidogo. Nati ya kurekebishia waya ilikuwa imelegezwa hadi mwisho, na haikujilegeza yenyewe, kwa sababu ile nati ndogo ya kuibania ilikuwa imekazwa vizuri kabisa juu yake.

"Nani kalegeza hii?"

"Mimi, mjomba. Hiyo ya mbele inarusha."

Pikipiki ilikuwa na miezi minane. Mwendeshaji ni mtoto wa dada yangu, miaka 19, anapakia abiria kati ya Kihonda na mjini Morogoro. Leseni hakuwa nayo. Hilo nilikuwa nalijua na nimelinyamazia, nitaeleza kwa nini. La breki sikulijua, na ndilo lililonifanya nifunge karakana mapema siku ile tukae chini.

Vijana wengi wanaokuja karakanani huniuliza kuhusu leseni kana kwamba ni habari ya foleni tu: uanzie dirisha gani, uende na nini, ulipe wapi. Hayo yapo na nitayagusa. Lakini katika kisa hiki foleni ilikuwa sehemu nyepesi. Shida ya mpwa wangu haikuwa kwamba hajui kuendesha. Shida ilikuwa kwamba anajua, na amejua tangu akiwa na miaka 14.

Alijifunzia Turiani, kwenye barabara za mashamba ya miwa ya Mtibwa, kwa pikipiki ya SanLG ya baba yake mdogo. Huko hakuna taa, hakuna kipilefti, hakuna gari linalotokea kulia kwako. Kuna vumbi, changarawe na trekta moja unaloliona likiwa bado mbali. Siku moja aliingia kona kwenye changarawe, akakaba breki ya mbele huku usukani umepinda. Akalala, akavunjika nusu ya jino la mbele, na somo likaingia: breki ya mbele ni adui. Kwa barabara ile, somo lilikuwa sahihi. Kwenye changarawe, usukani ukiwa umepinda, tairi la mbele likiserereka huna muda hata wa kusema "mama". Yeye akalibeba somo hilo mpaka mjini, akaja nalo kwenye lami, katikati ya malori, na ili asije akasahau akailegeza kabisa waya.

Alipofika kwangu akiwa na miaka 18 alitafuta mkataba kama wenzake. Kwa asiyejua: tajiri ananunua pikipiki, wewe unamletea kiasi fulani kila siku, ndiyo inaitwa hesabu, muda ukiisha inakuwa yako. Mkataba wake ulikuwa shilingi 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, miezi 14. Tajiri alitaka namba ya NIDA, barua ya serikali ya mtaa, picha mbili na mdhamini. Leseni haikuulizwa popote kwenye karatasi ile. Nimeisoma tena na tena tangu hapo, na chini kabisa kuna saini ya mdhamini, na saini hiyo ni yangu.

Kwa nini nilinyamaza? Kwa sababu nilimwona akipanda pikipiki, akazunguka uwanjani pale karakanani kwa mkono mmoja huku akiongea na simu, nikajisemea huyu tayari ni dereva, karatasi itafuata. Nina zaidi ya miaka ishirini kwenye kazi ya pikipiki na nilidanganywa na mizani ya mwili. Kutulia juu ya pikipiki si kuendesha barabarani, lakini kwa macho vinafanana sana.

Kijiweni nako kulikuwa na hesabu yake. Katika bajeti ya mwaka wa fedha 2021/22 Serikali ilipunguza faini ya makosa ya barabarani kwa pikipiki na bajaji, kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa moja. Nia ilikuwa njema, faini ya 30,000 ilikuwa inamla kijana mtaji. Ila kijiweni ilisomwa hivi: ukikamatwa huna leseni, umepoteza hesabu ya siku moja, basi. Kwenda kusoma ni kupoteza hesabu ya siku 12. Kwa mahesabu hayo, kukosa leseni kunalipa. Nimebishana na wazee wa kijiwe kile na nakiri kwamba kwenye namba hawakukosea. Walichokosea ni kuacha vitu viwili nje ya hesabu.

Cha kwanza ni bima. Nilimuuliza mpwa, "Ukimgonga mtoto leo, nani atalipa?" Akajibu pikipiki ina bima. Ni kweli, tajiri alikata bima ya mtu wa tatu kama sheria inavyotaka. Lakini bima hizi zina sharti kwamba anayeendesha awe na leseni halali ya chombo hicho. Akiwa hana, kampuni ya bima imeshapata mlango wa kutokea, na anayebaki ndani ya nyumba ni mwendeshaji, tajiri wake na pengine yule aliyetia saini ya udhamini. Alikuwa pia amechanganya leseni mbili. Tajiri alikuwa na leseni ya usafirishaji ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, inayoiruhusu pikipiki kubeba abiria. Hiyo ni ya chombo, haikuruhusu wewe kukiendesha. Kwa miezi minane alikuwa akiwaambia abiria "leseni ipo" na moyoni hakuona kama anadanganya.

Cha pili hakikuwa kwenye kichwa cha mtu yeyote pale kijiweni, wala changu, mpaka niliposikiliza njia alizokuwa akipita. Asiyekuwa na leseni huwakwepa trafiki. Trafiki wanasimama wapi? Kwenye makutano makubwa, kwenye zebra za shule, kwenye barabara kuu. Kwa hiyo kijana alikuwa anapita uchochoroni, nyuma ya nyumba, kwenye njia za panya, na abiria wa kuvuka Msamvu mchana alikuwa anawaachia wenzake. Miezi minane ya "uzoefu", na zile sehemu ngumu ambazo dereva mpya anatakiwa kuzijua kwa macho na mikono, alikuwa hajazipita ila usiku, zikiwa tupu.

Na Msamvu si mahali pa kukutana napo kwa mara ya kwanza ukiwa na mtu mgongoni. Barabara ya Dar es Salaam, ya Dodoma na ya Iringa zote zinakutania hapo, pamoja na ile ya kuingia mjini, na stendi ya mabasi iko palepale. Semi-treila hazikatiki. Watu wa Morogoro hatuhitaji kukumbushwa Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipopinduka karibu na hapo, watu wakakimbilia petroli na moto ukalipuka. Walikufa zaidi ya 100, wakiwamo waendesha bodaboda. Wawili nilikuwa nikiwatengenezea pikipiki.

Siku nne kwa tajiri

Nilitaka asimame kabisa mpaka apate leseni. Dada yangu kwa simu aliniunga mkono kwa maneno makali ambayo sitayaandika. Kijana hakukataa, aliniuliza swali moja tu: "Sawa mjomba, na hesabu ya tajiri?"

Hapo ndipo vijana wengi wanapokwama, na sisi wakubwa tunawahukumu kwamba hawataki kufuata sheria. Gharama kubwa ya leseni kwa kijana wa mkataba haiko kwenye ada ya Serikali wala ya chuo. Iko kwenye siku. Chuo tulichokipata kilikuwa na mafunzo ya wiki mbili. Wiki mbili ni siku 12 za kazi, yaani deni la 120,000 kwa tajiri, juu ya chakula na kodi ya chumba, na hapo bado hujalipa hata senti ya mafunzo.

Nilikwenda kwa tajiri mara nne. Mara tatu za kwanza hakuwepo, au aliambiwa nimekuja akawa hayupo. Ya nne nilimkuta, nikamwambia habari ya bima kama nilivyoieleza hapo juu, kwa utaratibu, bila kumtisha. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akakubali pikipiki ipewe deiwaka, yaani mtu wa kuishikilia kwa muda, mwenye leseni, kwa wiki hizo mbili: deiwaka apeleke ile 10,000 ya kila siku na kinachozidi kiwe chake, mpwa wangu asipate kitu lakini pia asidaiwe. Jumapili, siku isiyo ya mkataba, pikipiki ije kwangu. Sijui kwa nini hakuna kijiwe nilichokiona kikifanya hivi kama utaratibu wa kawaida. Madeiwaka wapo kila kijiwe wanashinda wamekaa juani.

Kabla ya chuo tulisuluhisha suala la daraja, maana hapo kuna mtego. Leseni ya Tanzania imegawanywa kwa herufi. Daraja A ni pikipiki inayozidi sisi (cc, ukubwa wa injini) 125, au uzito wa kilo 230. A1 ni ile isiyozidi hapo na isiyo na kitoroli cha pembeni. A2 ni za magurudumu matatu au manne, bajaji ziko humo. A3 ni vipikipiki visivyozidi sisi 50. Sasa, Boxer 150 injini yake ni sisi 144.8. Mwenye A1 akiikalia hiyo, kwa sheria ni sawa na asiye na leseni yake. Na TVS ya 125 iliyopo jirani yake pale kijiweni inaingia A1 bila tatizo. Vijana wanaangalia pikipiki mbili zenye umbo lilelile na bei zinazokaribiana, hawadhani kama herufi zinatofautiana. Kuna mzee pale kijiweni, mtu wa heshima, ana leseni ya daraja D, alikuwa akiwaambia vijana kwamba D inakula kila kitu. D haijumuishi pikipiki. Ameendesha bodaboda miaka kadhaa akiwa na kadi nzuri mfukoni ambayo kwa kile alichokikalia haina kazi.

Mkondo wenyewe ukawa huu: lena kutoka TRA, ambayo ni daraja H, leseni ya kujifunzia. Mafunzo na cheti cha chuo. Kisha kutahiniwa na polisi wa usalama barabarani. Ukifaulu unarudi TRA na namba ya mlipakodi, unapigwa picha, unachukuliwa alama za vidole, unalipia kwa namba ya malipo, kadi inatoka, inadumu miaka mitano. Njiani mpwa alikutana na mtu wa kumwambia kwamba yote haya yanaweza kufupishwa, "leseni inatafutwa". Alikuja kunieleza bei aliyotajiwa akitaka maoni yangu. Nikamwekea mezani zile breki shuu mbili, ya mbele na ya nyuma, nikaendelea na kazi yangu. Hakulirudia.

Chuoni walimfundisha vizuri. Alama za barabarani, ishara za mikono, mistari ya katikati, nani ampishe nani. Alikuwa na mwalimu mtulivu na pikipiki ya 125 iliyozeeka. Nasema hili kwa sababu desturi yetu ni kuvisema vibaya vyuo. Ila darasa lilikuwa na wanafunzi ambao hawajawahi kugusa klachi, na mwalimu muda wake mwingi uliishia kwao. Huyu wa kwangu aliwasha, akaweka gia, akaondoka kama maji. Mwalimu akamwambia "wewe uko vizuri", akamwita mwingine. Hakuna aliyeona kwamba mkono wake wa kulia haujagusa breki hata mara moja. Chuo kilikuwa kimewekewa asiyejua, na anayejua vibaya akapenya katikati.

Hatua ishirini na saba

Jumapili ya kwanza tulikwenda kwenye kiwanja kimoja kule Kihonda, udongo mgumu ulioshindiliwa, pembeni kuna kipande cha lami ya zamani kama mita 100 isiyopitwa na magari. Nilikuwa nimeshakaza waya wa breki ya mbele. Nikachora mstari kwa chokaa kwenye lami. Nikamwambia aje kwa mwendo wa 40 kwa saa, saa ya dashibodi ikisoma 40 kamili, tairi la mbele likigusa mstari asimame kama alivyozoea.

Alikuja, akakanyaga ya nyuma. Tairi likalia, mkia ukayumba kushoto, ukayumba kulia, akasimama. Alifurahi, kwa vijana kule kuserereka ni ustadi. Nikahesabu kwa hatua zangu kutoka kwenye chokaa: 27.

Kisha nikampa fizikia ya fundi. Ukifunga breki, uzito wote unakimbilia mbele, wa pikipiki na wako. Ona mwenyewe shokapu za mbele zinavyozama. Tairi la mbele linakandamizwa chini, linashika. La nyuma linainuliwa, linakuwa jepesi, ndiyo maana linafunga na kuserereka kirahisi. Kwa hiyo breki yenye nguvu ya kukusimamisha kwenye lami ni ileile uliyoilegeza. Ila inataka adabu. Mbili: usukani uwe umenyooka, na usiikabe ghafla. Minya kwanza uzito uende mbele, ndipo uongeze. Nikamwambia ni kama embe dodo bivu unalolinyonya, ukilibana kwa pupa linakupasukia shatini, ukilikamua polepole linatoa lote.

Mara ya kwanza kutumia zote mbili alitoa hatua 24. Mkono ulikuwa unagoma. Nilikuwa nimesimama pembeni nikiangalia vidole vyake, na niliona kabisa: vinakunjuka kuelekea mkono wa breki, vinafika, vinasita, vinarudi kwenye eksileta. Miaka mitano ya jino lililovunjika ilikuwa kwenye vidole vinne vile. Sikumpigia kelele. Tulifanya kwa mwendo wa 20, kama mtu anayetoka gereji. Tukafanya ya mbele peke yake, kwa 15, ili aone kwamba hairushi. Halafu 30. Jua lilishakuwa kali. Aliporudi kwenye 40 akatoa 19, baadaye 17, na kabla hatujafunga akatoa 14.

Hatua 27 na hatua 14, pikipiki ileile, kijana yuleyule, mwendo uleule. Zile 13 za katikati ni upana wa barabara na zaidi. Na hapo alikuwa anajua mstari uko wapi. Barabarani hakuna chokaa. Kwa mwendo wa 40 unatembea mita 11 kila sekunde, kwa 50 ni karibu mita 14, na sekunde ya kwanza huwa inaishia kwenye kushtuka.

Jumapili ya pili nilipanda nyuma mimi mwenyewe, kilo 84. Niseme wazi, niliogopa. Abiria anabadilisha kila kitu: mkia unakuwa mzito, breki ya nyuma inaanza kufaa zaidi, na ukisimama yule wa nyuma anakuja na kifua chake juu ya mgongo wako na mikono yako ndiyo inayombeba. Tulipata hatua 18. Mwenye lena hatakiwi kupakia abiria, na ndiyo sababu tulifanyia kiwanjani. Lakini fikiria jinsi mfumo wetu ulivyo: siku kadi inapotoka, saa hiyohiyo kijana anaruhusiwa kuweka mama na mtoto nyuma, kitu ambacho hajawahi kukifanya mbele ya mtu yeyote wa kumsahihisha. Wenzetu Kenya wana daraja lao la A3 la pikipiki za biashara, na umri wake umewekwa 21, wakati pikipiki ya kawaida ni 18. Unaweza kubishana na umri huo, kijana wa 19 naye anakula. Ila wazo la kutenganisha kujiendesha mwenyewe na kubeba mtu naliona lina akili.

Tukamalizia na elementi, kofia za pikipiki. Alikuwa na mbili, ya kwake nzuri, ya abiria kifungo chake cha kidevuni kilikuwa kimekatika na kufungwa kwa kamba ya kiatu. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyofanywa na Cochrane yalikadiria kwamba kofia hupunguza vifo vya waendesha pikipiki kwa takribani asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Kamba ya kiatu haimo kwenye hesabu hizo. Nilitupa ile kofia mbele yake akanuna.

Mwenye gari kubwa

Mtihani alifeli. Mara ya kwanza.

Kwa vitendo walimzungusha kwenye koni, umbo la nane, taratibu bila kushusha mguu. Akashusha mara mbili, kwa sababu hajawahi kuona faida ya kwenda polepole. Wakati wa kuondoka hakugeuza shingo kuangalia nyuma upande wa kulia. Lakini kilichommaliza ni swali la mdomo. Askari alimuuliza: kwenye kipilefti, nani anapita kwanza?

Akajibu: "Mwenye gari kubwa."

Anasema askari alicheka mpaka akavua kofia, kisha akaandika kosa. Jibu ni kwamba unampisha aliyekwisha kuingia, anayetokea kulia kwako. Chuoni alifundishwa hivyo na daftarini kwake ilikuwa imeandikwa hivyo, nimeliona. Mdomo ulipoulizwa ghafla ukatoa kile ambacho mwili unakijua. Mimi sikucheka sana. Kwa kijana aliyepita Msamvu usiku tu, akiwaza semi na mabasi, lile lilikuwa jibu la mtu anayetaka kuishi. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema mtihani wa mdomo hauna maana. Ulimfichua vizuri kuliko koni.

Siku zilizofuata kabla ya kurudia tulikwenda Msamvu kwa miguu. Tulisimama pembeni jioni, saa kumi na moja, karibu saa nzima, namwuliza kila gari: huyu anampisha nani? Huyu ameonyesha indiketa ya wapi? Yule wa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, amekuona, macho yake yako wapi? Mwanzoni alikuwa anaangalia magari. Mwishoni alikuwa anaangalia matairi ya mbele na sura za madereva. Nadhani saa ile ilimpa zaidi ya Jumapili zangu mbili za chokaa, na haikututoa hata shilingi, ila mahindi ya kuchoma.

Mara ya pili alifaulu. Kadi ikatoka na A yake.

Wiki ya kwanza baada ya kadi ilikuwa mbaya kuliko zote. Sikuitegemea. Kumbe ile hofu ya trafiki ndiyo iliyokuwa inambana mwendo. Ilipoondoka, akafunguka. Alianza kupita barabara kuu mchana kweupe kama mwenye mali, akawa anachomekea katikati ya daladala, deiwaka wake wa zamani akaja kuniambia kwa upole, "Fundi, kijana wako anaruka." Nikamwita. Kama mdhamini nilimpa masharti matatu ya mwezi mmoja: usiku hakuna abiria, mshikaki (abiria zaidi ya mmoja) hakuna, na barabara ya Dodoma asivuke Mkundi. Alishika mawili. Nimeacha kuuliza ni lipi alilivunja, maana namjua dada yangu atasoma hapa.

Mwezi wa pili alikuja karakanani akiwa amevimba kwa fahari na aibu kwa pamoja. Amepakia mama mmoja kutoka sokoni, mbele ya kituo cha mafuta kirikuu imetoka bila kuangalia. Amesimama. Zote mbili, usukani umenyooka, kirikuu ikapita mbele yake akiwa ameshaweka mguu chini. Yule mama alimjia mgongoni na kofia yake ikagonga ya kwake, kapu likamwagika nyanya. Akawatukana wote wawili, dereva wa kirikuu na mpwa wangu, akaokota nyanya zake akamlipa nusu nauli.

"Nusu, mjomba! Na nimemwokoa!"

Juzi kaiacha tena pikipiki kwa matengenezo. Nimefungua gurudumu la mbele kwanza safari hii. Breki shuu zimelika sawasawa pande zote, zimebakiza kama unene wa sarafu. Nikamwandikia bei ya jozi mpya, akaitazama ile karatasi, akaitazama tena.

"Shikamoo mjomba," akaanza upya, kama mtu anayekuja kuomba punguzo. "Hizi za mbele mbona siku hizi zinaisha haraka hivi?"